Kiima cha Kiingereza kinavotusumbua watu wa Pwani

Hapa Malindi kuna vijana wanaongea Kitaliano vizuri kabisa na darasani hawakukaa, wamekiokota tu beach na kwenye maboti, lakini Kiingereza walichosomeshwa miaka yote ya shule bado kinawakwaza wakikiandika. Watu husema ni uvivu. Mimi sikubali hata kidogo, manake nikisoma meseji zao naona makosa mengi yanatoka mahali pamoja tu.

Mahali penyewe ni kiima, yaani yule au kile kinachofanya jambo kwenye sentensi. Kwetu kiima kishaingia ndani ya kitenzi, ukisema "anapika" ile a- ishakwambia kuna mtu, sentensi imetimia. Kitaliano nacho kiko hivohivo, "mangio" peke yake ni "nakula", na mimi naamini ndo sababu moja kinatuingia upesi. Kiingereza hakitaki. "Is cooking" haijatimia, lazima "She is cooking". Hata pale ambapo hakuna mtendaji wa kumtaja, kama mvua, bado kinadai kiima, "It is raining", na hiyo "it" haimtaji mtu wala kitu, imewekwa pale nafasi isibaki tupu.

Sasa angalia mdogo wangu, anafanya kazi ya kupeleka wageni Marine Park, kusi limekaza bahari imechafuka, akamwandikia mgeni hivi: "Sorry sir, is too windy tomorrow. My captain he say we go Friday."

Sentensi ya kwanza kiima hakuna. Ya pili viko viwili, "my captain" halafu "he". Utadhani ni makosa mawili tofauti kumbe chanzo ni kimoja, ile a- yetu. Sisi twasema "kapteni wangu anasema", kapteni yupo na a- ipo, basi akaitoa a- akaifanya "he". Dawa yake mimi nawafundisha hivi: tafuta kitenzi, kiulize nani au nini, jibu liwe limekaa mbele ya kitenzi, na liwe hapo mara moja tu. "It is too windy tomorrow. My captain says we will go on Friday." Na hiyo s ya "says" usiisahau, kiima kikiwa mtu mmoja anayesemwa, na ni wakati uliopo, s inakuja.

Kwa yambwa, yaani yule anayetendewa, pia kuwa makini. Sisi tuna -m- ya "amemwita" inayotusaidia hata maneno yakihama, wao hawana, kinachokwambia nani kaita na nani kaitwa ni nafasi tu, "The captain called the guest", ukigeuza umegeuza habari yote.

Aina za sentensi wanahesabu nne, taarifa, swali, amri na mshangao. Mshangao hautupi taabu, "What a big fish!" basi. Amri nayo ni rahisi, na hapo ndo Kiingereza chenyewe huwa kinaacha kiima, "Sit down", awe mmoja wawe kumi ni hivohivo, hakuna kaa na kaeni.

Shida iko kwenye swali. Sisi "alienda" na "alienda?" ni neno lilelile, sauti tu ndo inapanda. Kiingereza kinahamisha maneno: "She is ready" inakuwa "Is she ready?", na kama hakuna kitenzi kisaidizi cha kuhamisha basi kinaletwa "do" mbele. Na hiyo "do" ikija inabeba wakati yenyewe, kitenzi kinabaki kitupu, kwa hivyo ni "Did he go?" si "Did he went?", "Does she want a boat?" si "Does she wants". Hili walimu wengi wanalipitia mbio, wanaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kuendelea, mtoto hajaambiwa kwamba ule wakati ushahamia kwenye "did", ndo anarudia kosa lilelile mpaka anamaliza shule.