Trent, Anfield na kimya cha kabla ya safari

Tarehe 5 Mei 2025, siku nane baada ya Liverpool kutwaa ubingwa wake wa 20 wa ligi kwa kuichapa Tottenham mabao 5-1, beki wake wa kulia, Trent Alexander-Arnold, alitoa ujumbe wa video akithibitisha kwamba angeondoka mwishoni mwa msimu, mkataba wake utakapomalizika. Hakuitaja Real Madrid, ingawa sidhani kama mjini hapa palikuwa na mtu asiyejua anakoelekea. Alisema huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko wote aliowahi kuufanya, kwamba alikaa kimya msimu mzima ili akili yake ibaki kwenye ubingwa, na kwamba baada ya miaka 20 ndani ya klabu moja, bila kuyajua maisha mengine yoyote, alihitaji changamoto mpya ya kumtoa katika mazoea yake. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi na kufanya kazi Liverpool, na tangu siku ile nimeusikia ujumbe huo ukijadiliwa kazini, kwa kinyozi na kwenye basi kwa uchungu ambao, kwetu sisi tuliohama makwetu, si mgeni hata kidogo.

Pale ghalani ninapofanya kazi yuko mzee mmoja mwenye tiketi ya msimu ya Anfield, uwanja wa Liverpool, ambayo kabla yake ilikuwa ya baba yake. Siku ile, wakati wa mapumziko, aliiweka simu mezani kati ya vikombe vya chai, akaiwasha ile video kwa sauti ya juu, akaisimamisha pale Trent aliposema kwamba hajawahi kujua kitu kingine, akairudisha nyuma na kuisikiliza tena. Nilidhani angetukana. Badala yake alisema taratibu, "Anazungumza kuhusu nyumbani kana kwamba ni darasa alilokwisha kufaulu." Hakuwa na neno juu ya mshahara wala juu ya Madrid. Kilichomchoma ni ile sentensi moja, kwa sababu aliielewa kuwa na maana ya kwamba mji huu ulikuwa haumtoshi tena mtoto wake.

Ili kuelewa kwa nini sentensi moja iume hivyo, ni lazima mtu akumbuke kijana huyu alikuwa nani kwa watu hawa. Alizaliwa mwaka 1998, akakulia West Derby, mtaa ulio karibu na viwanja vya zamani vya mazoezi vya klabu, na akaingia akademi akiwa na miaka sita. Aliondoka akiwa amecheza mechi 354 na kufunga mabao 23. Ndiye aliyepiga ile kona ya haraka mwezi Mei 2019, mabeki wa Barcelona wakiwa wamegeuza vichwa, Divock Origi akafunga bao la nne na Liverpool ikaenda fainali ya Ligi ya Mabingwa. Baada ya kulibeba kombe hilo jijini Madrid alijieleza kuwa ni kijana wa kawaida tu wa Liverpool ambaye ndoto yake imetimia, na maneno hayo yakaandikwa kando ya picha yake kubwa kwenye ukuta wa nyumba iliyo jirani na uwanja. Mashabiki walipomwimbia, walichokisifu kwanza si krosi zake bali kule kuwa mzaliwa wa mji aliye ndani ya timu. Mchezaji wa namna hiyo akiaga, maneno yake ya leo hupimwa kwa maneno yake ya jana, na maneno yake ya jana yalikuwa ukutani.

Msimu uleule, mikataba ya wachezaji wenzake Mohamed Salah na Virgil van Dijk nayo ilikuwa ukingoni. Salah hakuficha lolote: mwezi Novemba 2024, baada ya mechi na Southampton, aliwaambia waandishi wa habari kwamba alikuwa karibu zaidi na kuondoka kuliko kubaki, kwa sababu klabu ilikuwa haijampa mkataba mpya. Kuna waliodhani amekosa adabu, lakini angalau kila mtu alijua hesabu imefikia wapi, na mwezi Aprili yeye na Van Dijk wakasaini. Trent hakusema kitu. Alipofunga bao la ushindi dhidi ya Leicester tarehe 20 Aprili, alivua jezi akaitundika kwenye kibendera cha kona, na kwa muda wa wiki mbili watu wazima walibishana kama jezi ile ilimaanisha kwaheri au nabaki. Mtu akinyima watu maneno, wataanza kusoma ishara, na watakapogundua kwamba wamezisoma vibaya hawatajilaumu wao.

Tarehe 11 Mei Arsenal walikuja Anfield na mechi ikaisha kwa sare ya 2-2. Conor Bradley alipotolewa katika kipindi cha pili na Trent kuingia, uwanja ulimzomea, na kila alipogusa mpira kelele zile zilirudi, ingawa wengine walijaribu kuzizima kwa makofi. Nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kwamba Anfield haina desturi ya kumzomea mchezaji wake mwenyewe, na ndiyo maana jambo lile liliwashtua hata wachezaji wenzake. Andy Robertson alisema kwamba haipendezi kumwona rafiki yako akizomewa. Salah alisema mashabiki walikuwa wakali kupita kiasi kwa mtu aliyestahili kuagwa vizuri. Jürgen Klopp, kocha aliyempa nafasi yake ya kwanza katika kikosi cha wakubwa, alieleza kwamba alizima televisheni kwa masikitiko. Hakuwakataza watu kukasirika, aliwaomba tu wasisahau. Siku ya mwisho ya msimu, dhidi ya Crystal Palace, Trent alishangiliwa na akalinyanyua kombe la ligi pamoja na wenzake, na wengi walidhani mambo yamekwisha.

Hapa nina jambo la kusema kama mhamiaji, kwa sababu kimya kile mimi ninakijua. Kwetu mtu hatangazi safari kabla ya viza kuwa ndani ya pasipoti. Unakwenda kwenye usaili, unatafuta vyeti vilivyopotea, unakopa nauli, na jirani anayekuona kila asubuhi hajui lolote, kwa kuwa unaogopa husuda, na zaidi ya husuda unaogopa aibu ya kunyimwa viza baada ya mtaa mzima kukuaga. Mama mkubwa wangu alipata habari za safari yangu wakati mabegi yamekwisha kupimwa uzito. Alisema, "Haya mwanangu, Mungu akutangulie," akaingia ndani kuendelea na kupepeta mchele wake. Kwa hiyo anaponiambia mwenzangu wa kazini kwamba Trent aliwadanganya kwa kunyamaza, ninamjibu kwamba kunyamaza kabla ya safari si lazima kuwe udanganyifu. Mara nyingi ni mtu ambaye hajapata ujasiri wa kuwatazama usoni wale atakaowaacha.

Hata hivyo, siwezi kuusukuma ulinganifu huo mpaka mwisho, kwa sababu kimya cha Trent kilikuwa na bei. Mkataba wake wa mwisho aliusaini mwaka 2021, na kwa kuuacha uishe aliinyima klabu iliyomlea ada ya uhamisho ya mmoja wa mabeki bora wa kulia duniani. Madrid walilipa kiasi kinachotajwa kuwa karibu euro milioni 10 ili tu waruhusiwe kumchukua mwezi mmoja mapema, awahi Kombe la Dunia la Klabu, huku Liverpool wakitoa takriban pauni milioni 29.5 kumnunua Jeremie Frimpong kutoka Leverkusen. Wazee wa hapa walikwisha kuyaona haya mwaka 1999, Steve McManaman, naye mtoto wa mji, alipokwenda Madrid bure. Wanakumbuka pia mwaka 2005, Steven Gerrard alipokaribia kwenda Chelsea na jezi zenye jina lake zikachomwa moto, kabla ya kubadili mawazo na kubaki miaka kumi zaidi. Nadhani kwa watu hawa Gerrard ndiye kipimo, na ni kipimo kikali mno kwa kijana yeyote.

Mdogo wangu aliyeko Tanga, shabiki wa Liverpool na wa Yanga, hakuona sababu ya kelele zote hizi. "Kaka, huyo amewaachia kombe na amewaaga vizuri. Sisi tuliachiwa maneno ya ugali na sukari," aliniambia kwenye simu. Alikuwa ananikumbusha kisa cha Feisal Salum, mchezaji ambaye Desemba 2022 alitangaza kuachana na Yanga na kuirudishia klabu shilingi milioni 112 ili auvunje mkataba, TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na malalamiko kutoka upande wake kwamba alikuwa akila ugali kwa sukari yakageuka wimbo wa watani hadi alipohamia Azam mwaka 2023. Mdogo wangu ana hoja, lakini nadhani kisa chake kinaonyesha kinyume cha anavyotaka. Lawama ya waziwazi, hata ikiwa chungu, humpa shabiki kitu cha kujibu. Trent aliisifu klabu, akawashukuru mashabiki, akasema mapenzi yake kwao hayatakufa, halafu akaondoka, na mtu aliyesifiwa namna hiyo hubaki na hasira asiyojua pa kuiweka.

Kisha, mwezi Juni, alitambulishwa Madrid akatoa hotuba yake kwa Kihispania kilichonyooka. Dunia ilimpongeza. Hapa watu walihesabu miezi ambayo mtu huhitaji kujifunza lugha kiasi hicho, wakapata kwamba alikuwa akijifunza huku wao wakimwimbia. Mtoto wa jirani yangu, ambaye alikuwa halali bila jezi yake yenye namba 66 ya Trent, alibandika plasta nyeupe juu ya jina akaiacha namba, kwa sababu mama yake alikataa kununua nyingine. Mimi nilimsifu Trent kwa Kihispania kile, na bado namsifu. Najua jinsi mwenyeji anavyokuchukulia unapofika kwake ukiwa tayari umejisumbua kujifunza kuzungumza naye.

Aliporudi Anfield na Madrid tarehe 4 Novemba 2025, alisema kabla ya mechi kwamba ataipenda Liverpool daima, kwamba mapokezi ni uamuzi wa mashabiki, na kwamba akifunga hatashangilia. Picha yake ukutani ilikuwa imechafuliwa kwa rangi. Aliingia kutoka benchi dakika za mwisho, Liverpool ikiwa mbele kwa bao la kichwa la Alexis Mac Allister, na alizomewa mpaka mechi ikaisha 1-0. Kumwaga rangi kwenye ukuta wa nyumba ya watu ni uhuni, na sitautetea. Lakini kuhusu zomeazomea, mimi na mzee wa ghalani tumebishana hadi leo. Ningekuwa na tiketi usiku ule, ningesimama nikampigia makofi alipoingia, kisha ningeendelea kuishangilia Liverpool hadi kipenga cha mwisho. Mzee ananiambia kwamba ningeweza kufanya hivyo kwa sababu mimi katika kisa hiki ni yule aliyeondoka, na yeye ni yule aliyebaki, na kwa hilo sijapata jibu la kumpa.