Boga kubwa, Dole, Unguja: kuatika Mei, kupandikiza Juni

20 Mei, kuatika. Mbegu sita za Atlantic Giant, aina ya maboga makubwa ya mashindano, kwa mashimo mawili. Kalenda ya wakulima wa Marekani na Kanada, Aprili ndani ya nyumba na Mei shambani, haitufai. Wao wanasubiri baridi ya kugandisha iishe. Unguja hakuna baridi hiyo. Kinachoamua ni mvua na joto la usiku, na hesabu inapigwa kutoka mwisho kurudi nyuma.

Boga linataka siku 70 au zaidi za kunenepa baada ya ua kushika, na ni vizuri liwe limekomaa kabla vuli haijakolea. Toka kuatika hadi ua jike la kuchavushwa ni kama siku 50 hadi 60. Kwa hiyo mbegu ya 20 Mei inachanua katikati ya Julai, ndani ya kipupwe, wakati usiku umepoa. Ukiatika Machi, mche unakutana na masika imejaa na shina linaoza. Ukiatika Novemba, maua yanafunguka Januari kwenye joto: madume tele, majike machache, na kitoto kilichoshika kinageuka manjano na kudondoka. Maboga yetu ya kawaida yanastahimili hayo, hili halistahimili.

Lengo nalo liwe la kweli. Boga la Minnesota lililovunja rekodi 2023 lilifika kilo 1,247, na kule katikati ya kiangazi mchana unapita saa 15. Hapa Juni ni saa 12 kasoro kidogo.

Kingo za mbegu zimesuguliwa kwa msasa, isipokuwa ncha kali, maana mzizi unatokea hapo. Kisha saa 5 kwenye maji ya uvuguvugu. Zimechomekwa ncha chini, kina sentimita 2.5.

Vyombo ni chupa za maji za lita 1.5 zilizokatwa shingo, zikatobolewa chini, zikapasuliwa ubavuni toka juu hadi kitako na kufungwa tena kwa selotepu. Faida yake itaonekana siku ya kupandikiza. Udongo: sehemu 2 za kinongo (udongo wenye rutuba) cha juu, 1 ya mboji, 1 ya vumbi la makumbi. Yasiwe makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba (nyuzi za kamba), hayo yamekunywa chumvi na yataunguza kingo za majani. Hata makavu ya shamba tunayasuuza mara tatu kwa maji baridi ya kisima.

24 Mei. Minne imetoka. Hakuna haja ya kupasha joto, kibaraza kinatosha.

25 Mei. Wa tano umetoka na ganda kichwani, majani ya mbegu yamebanwa. Usilivute likiwa kavu, utang'oa jani. Tone la maji, funika kwa kitambaa kibichi nusu saa, halafu lipasue taratibu kwa ukucha. Mara nyingi chanzo ni mbegu kufukiwa juu juu, udongo ukakosa uzito wa kulivua ganda.

27 Mei. Kinyaushi, ugonjwa wa kuoza shina la mche, kimechukua mmoja. Majani bado mabichi kabisa, lakini shina pale linapogusa udongo limelainika, limekuwa jembamba kama uzi, mche umelala. Hauponi, utupe pamoja na udongo wake. Sababu ni maji: mvua ilipiga kibarazani na vyombo vikabaki vimelowa usiku kucha. Iliyobaki imewekewa kichanga kikavu nusu sentimita juu, na inanyweshwa asubuhi tu, kwa kutokea chini.

29 Mei. Wingu la siku tatu, na miche miwili inarefuka shingo. Imetolewa nje: leo saa 2 za jua la asubuhi, kesho 4, keshokutwa kutwa nzima. Ukiitoa moja kwa moja kwenye jua la mchana majani yanababuka meupe.

2 Juni, kupandikiza. Siku ya 13. Jani la kwanza halisi limefunguka na mzizi mweupe unaonekana kitakoni. Hapo ndipo. Ukingoja majani matatu, mzizi mkuu unakuwa umeshazunguka chombo na mche unadumaa wiki mbili.

Kila mche umepewa eneo la mita 6 kwa 8, samadi iliyooza vizuri imeshachanganywa wiki tatu kabla. Minazi isiwe upande wa kaskazini, kwa sababu mwezi huu jua la adhuhuri liko huko.

Saa 10 na nusu alasiri: selotepu inakatwa, chupa inafunguliwa kama kitabu, bonge linashuka zima bila kushikwa shina. Majani ya mbegu yabaki juu kidogo ya usawa wa ardhi. Jambo ambalo wengi hawaliangalii: shina kuu litatambaa upande ulio kinyume na jani la kwanza halisi. Tumelielekeza jani kusini-mashariki, ili shina litambae kaskazini-magharibi, sambamba na upepo wa kusi. Upepo wa ubavuni hulipindua na kulivunja shingo. Uzio wa makuti umewekwa upande wa kusi, na kila shimo limepewa lita 2 za maji.

6 Juni. Miche yote miwili imesimama. Ya akiba bado iko kwenye chupa, itakaa siku nne tu. Vimende vyekundu vimeanza kutoboa majani. Tumefunika kwa chandarua kikuukuu juu ya fito, kingo zimefukiwa. Kitaondolewa majani yakifika matano, na hakika kabla ya ua la kwanza, nyuki wapate njia.