Mzee Alipobakiwa na Neno Moja

Kanisani kwetu Mzee alijulikana kwa kunyamaza. Katika vikao vya baraza la wazee, mtu aliweza kumaliza hoja yake, akafuta jasho, akaketi, na Mzee bado anatazama karatasi iliyo mbele yake. Ndipo aseme. Mara nyingine msemaji alikuwa amekwisha kuyajutia maneno yake kabla Mzee hajafungua kinywa. Sisi aliotufundisha kipaimara alitukaririsha methali moja pamoja na mistari ya Biblia, kana kwamba nayo imo kwenye kitabu cha Mithali: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwenzetu mmoja aliiandika kwenye mtihani kama andiko, akaipa na sura na mstari. Mzee alimpa nusu ya maksi.

Kwa hiyo zilipotufikia habari kwamba amepatwa na kiharusi, na kwamba katika maneno yote aliyokuwa nayo amebakiwa na moja tu, nalo ni "Pumbavu!", watu hawakujua kama wasikitike au washangae. Wengine walifanya yote mawili, na wachache, nadhani, walifanya zaidi ya hayo.

Tulikwenda kumtazama hospitalini siku ya Jumapili baada ya ibada. Alikuwepo mchungaji, wazee wawili wa kanisa, akina mama wa kwaya, na mimi niliyekuwa katibu wa vijana. Mzee alikuwa amelazwa chali, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama si wake, mdomo umekwenda upande. Mkewe alikaa kichwani pake.

"Bwana Yesu asifiwe, Mzee wetu," mchungaji alisema.

Mzee aligeuza uso. Macho yalimng'aa, kwa kweli yaling'aa, akajibu kwa sauti ya kutosha wodi nzima: "Pumbavu!"

Mama mmoja alikohoa. Mchungaji, ambaye kwa kazi yake amezoea kupokea mengi, alitabasamu, akamuuliza anajisikiaje. "Pumbavu," alisema Mzee. "Pumbavu, pumbavu... pumbavu." Lakini hakuyasema kwa mkupuo mmoja. Sauti ilipanda, ikashuka, ikatua kidogo, ikaendelea, vilevile inavyokwenda sauti ya mtu anayekusimulia jinsi usiku ulivyokuwa mrefu.

"Anasema karibuni," alisema mkewe. "Anasikitika viti havitoshi."

Nilidhani anaficha aibu ya mumewe, na sikumlaumu. Ila wakati huohuo mkono wa kushoto wa Mzee ulikuwa unapapasa ukingo wa kitanda. Aliivuta miguu yake kwa shida, ule wa kushoto ukiusukuma wa kulia, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu kuketi. Kisha akamwonyesha kwa kidole bibi mwenye umri mkubwa kuliko sisi sote, akapigapiga godoro. "Pumbavu," akamwambia, taratibu. Bibi yule aliketi.

Muuguzi alituomba tusijazane, tukapunguzana. Nilitoka ukumbini na mmoja wa wale wazee wawili. Huyu na Mzee walikuwa wamevutana barazani kwa muda mrefu. Walivutania matumizi ya sadaka, walivutania nani apewe zamu ya kuhubiri, hata saa ya kuanza ibada. Aliegemea ukuta, akasema bila kushusha sauti:

"Maandiko hayakosei. Kinywa cha mtu huyanena yaujazayo moyo wake. Miaka yote alikuwa anachuja maneno. Sasa chujio limepasuka, tumeona kilichokuwamo."

Sikumjibu. Kwanza ni mtu mzima, na mimi wakati ule nilikuwa kijana wa kutumwa. Pili, hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wakristo wengi ndivyo tunavyouelewa mstari ule: kwamba moyo halisi hutoka pale ulinzi unapolala, mtu anapokasirika, anapolewa, anapoumwa. Tunasema, "leo kajionyesha." Neno moja la hasira hufuta miaka ya upole, kana kwamba upole wote ule ulikuwa maigizo. Kilichonisumbua zaidi ya hoja ni sauti yake. Ilikuwa na raha.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi.

Tuliporudi ndani tulimkuta mtaalamu wa tiba ya usemi, dada mmoja kijana, amekuja na faili lake. Mchungaji alimuuliza lile swali ambalo sote tulikuwa tunalizunguka: neno hili limetoka wapi? Alieleza kwa lugha nyepesi, na nimeyakumbuka maelezo yake kuliko mahubiri mengi. Hali hiyo huitwa afasia. Kiharusi kilikuwa kimeumiza upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu walio wengi ndio unaotunga usemi: kuchagua neno, kulipanga na mwenzake, kulipeleka kinywani. Kazi hiyo ya kutunga ndiyo iliyokufa. Lakini kuna maneno ambayo hatuyatungi. Hutoka yenyewe kwa sababu ya kurudiwa mno au kwa sababu ya hisia: kuhesabu, siku za wiki, salamu, sala, nyimbo, na matusi. Hayo mara nyingi hubaki. Alitutajia daktari Mfaransa Paul Broca, ambaye mwaka 1861 alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa hawezi kutamka karibu chochote ila silabi moja, "tan". Kila alichoulizwa alijibu "tan, tan", na alipokasirishwa sana ndipo lilipomtoka tusi zima, bila kukwama. Mgonjwa huyo alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele.

"Mnachokisema anakielewa kwa sehemu kubwa," aliongeza. "Na anajisikia anavyosema. Mtazameni."

Tulimtazama. Mzee alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono wa kushoto.

Yule dada akaanza kuhesabu, "Moja, mbili, tatu..." Mzee akaupokea mstari: nne, tano, sita, hadi kumi, kila neno safi. Wodi ikachangamka. Mchungaji akaelewa, akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni..." na Mzee akaendelea naye, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, maneno yanateremka bila kujikwaa kutoka kinywa kilekile kilichopinda. Tulipofika "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu," tulikuwa tunasali wote, na yule mzee wa ukumbini pia. Akina mama hawakungoja ruhusa. Walianzisha wimbo, na Mzee aliimba beti zote, hata ile ya mwisho ambayo waimbaji wengi huinung'unikia tu.

Mama mmoja alilia kwa furaha. "Mmeona? Mmeona moyo wake ulipo? Uko kwa Bwana!"

Nilifurahi pamoja naye, na ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini yule mtaalamu alikuwa mtu wa kweli. Alimshika mama yule mkono, akamwambia kwa upole, "Mama, imbeni naye kila siku, inamsaidia. Ila msiifanye kuwa ushahidi. Wimbo umepita njia ileile lilikopita lile neno."

Nimelizungusha jambo hilo kichwani tangu siku ile. Kama "Pumbavu" halimhukumu, basi wimbo haumtetei. Huwezi kukitupa kimoja na kukipokea kingine kwa sababu tu hiki kinakupendeza. Tulikuwa tumebaki na mtu ambaye kinywa chake kimeondolewa kabisa kwenye mizani, na imani yetu ilikuwa imezoea sana kutumia kinywa: ushuhuda, maombi ya sauti, kukiri, kuahidi.

Ndipo mkewe aliposema. Alikuwa amefundisha shule ya Jumapili muda mrefu, na alikuwa na ile sauti ya mwalimu ambayo haipandi.

"Baba," alimwambia yule mzee, "mstari uliousoma kule ukumbini, uliuanzia wapi?"

Yule mzee alimtazama mchungaji. Mchungaji alitazama dirisha.

"Ni Mathayo 12, mstari wa 34," aliendelea. "Uanzie mstari wa 22. Yesu aliletewa mtu kipofu na bubu, akamponya. Bubu akanena. Waliosimama pembeni, wenye afya na elimu, wakasema anafanya hayo kwa Beelzebuli, mkuu wa pepo. Hao ndio walioambiwa habari za kinywa na moyo. Hakuambiwa bubu."

Hakuna aliyetia neno. Naye hakuonekana kama mtu anayetaka kushinda. Alimpangusa mumewe mate kwenye pembe ya mdomo, kisha akasema, safari hii kwa sauti ya kawaida, kama anayemalizia habari nyingine: "Na neno lenyewe nalijua. Alikuwa akilisema nyumbani. Akikosea hesabu za kanisa, akisahau miwani, akigundua kwamba amemjibu mtu vibaya. 'Pumbavu wewe.' Alikuwa akijiambia yeye."

Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anayenyamaza hivyo barazani ana mtu anayemkemea ndani namna hiyo. Basi huenda yule mzee alikuwa na haki kwa kiasi fulani, chujio lilipasuka na kilichokuwamo kikatoka. Ila hakikuwa kile alichotarajia. Nikamuuliza mama anawezaje kujua Mzee anasema nini, maana alikuwa akitutafsiria kila "pumbavu" bila kusita. Alinijibu, "Mwanangu, nasikiliza sauti inavyokwenda, halafu nautazama mkono wa kushoto. Mkono haujapata kiharusi."

Tuliondoka jioni. Garini mchungaji hakuzungumza kwa muda, kisha akatuuliza kama tumewahi kuisoma Mathayo 26 tukiwapima watu kwa maneno yao peke yake. Katika sura hiyo Yuda anakuja bustanini na maneno mazuri kuliko yote, "Salamu, Rabi," na busu juu yake. Petro, ukumbini kwa kuhani mkuu, analaani na kuapa kwamba hamjui mtu huyu. "Ungekuwa umesimama pembeni na daftari," alisema mchungaji, "ungemwandika nani mwanafunzi wa Yesu?" Kisha akajijibu mwenyewe kwamba Petro alitoka nje akalia kwa majonzi, na kulia hakumo kwenye orodha ya maneno. Mzee wetu wa ukumbini alikuwa amekaa kiti cha nyuma, pembeni yangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Ningekuwa natunga hadithi, ningemwacha hapo, mtu aliyesutwa, akiwa mfano wa moyo mbaya wenye maneno mazuri. Lakini Jumamosi iliyofuata nilipokwenda hospitalini nilimkuta yeye. Amekunja mikono ya shati, ameshika beseni la maji na wembe, anamnyoa Mzee ndevu. Muuguzi aliniambia alikuwa amekuja pia katikati ya wiki, akasaidia kumgeuza mgonjwa ubavu ili asipate vidonda vya mgongo. Aliendelea hivyo hata Mzee aliporudishwa nyumbani. Sikumsikia akiomba radhi, wala kumsifu Mzee kwenye baraza, wala kutaja siku ile. Kuna waraka wa Yohana unaotuagiza tusipende kwa neno wala kwa ulimi, bali kwa tendo na kweli, na ndugu yule alionekana ameamua kuutii kama ulivyoandikwa, herufi kwa herufi. Na bado najua nilichokisikia ukumbini, na ile raha iliyokuwa ndani yake. Ilitoka kinywani mwa mwenye ubongo mzima, mtu aliyekuwa na nafasi ya kuchagua. Vyote viwili ni vyake. Sijampatia sanduku la kumweka, na sijioni kama nina haki ya kulitafuta.

Jumamosi ile nilisimama mlangoni nikiwatazama. Alikuwa anamnyoa chini ya kidevu, kwa makini, ulimi umemtoka kidogo pembeni kama mtoto anayeandika. Mzee alikunja uso.

"Pumbavu!" alisema.

Yule mzee alisimamisha wembe hewani, akamgeukia mke wa Mzee. "Mama, anasemaje?"

Alimtazama mumewe, akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa unasugua shavu.

"Anasema wembe wako ni butu," alisema. "Na kwa hilo, Baba, namuunga mkono."