Bagamoyo nenda, Tanga hamia

Nimekulia Tanga, Makorora, baadae kazi ikanipeleka Bagamoyo nikapanga nyumba Magomeni kwa miaka, sa hivi nimerudi Tanga na sina mpango wa kutoka tena. Kwa hiyo kila ndugu akitaka kutembea pwani au kununua kiwanja naulizwa mimi, dada kati ya Bagamoyo na Tanga wapi kuzuri? Jibu langu halijabadilika: Bagamoyo nenda, Tanga hamia. Najua rafiki zangu wa Dunda, Bagamoyo, watakasirika lakini wanisikilize kwanza.

Bagamoyo ni ndogo ila imejaa. Ukianza asubuhi Ngome Kongwe ukafuata mtaa wa India unapita milango ya kuchonga, boma la Wajerumani, nyumba za mawe za ghorofa ambazo nyingine zimebaki kuta tu, unatokea forodha ya zamani ufukweni na jua halijafika utosini bado. Hapa ndo palikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na kabla yao ndo ilikuwa inaishia misafara ya kutoka Ujiji na Tabora, miezi na miezi njiani, pembe za ndovu mabegani na watu wamefungwa minyororo. Ukiambiwa hayo umesimama pale Karavani Serai, misafara ilipokuwa inafikia, halafu unageuka unaona watoto wa shule wanapita na sare zao wanacheka, kuna kitu kinakushika kifuani. Mimi nilikuwa napita pale mara kwa mara na sikuwahi kuzoea.

Ukienda upande wa misheni, wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika 1868, mbuyu wa enzi zao upo mpaka leo, mnene balaa, na mnara wa kanisa la zamani ulipowekwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mwingereza, Februari 1874 nao upo. Waongoza wageni wanamsimulia sana Livingstone na sikatai, lakini jamani naomba mtusimulie zaidi Chuma na Susi na wenzao, wale waliokausha mwili wa marehemu juani kule Chitambo, Zambia ya leo, wakaufunga na kuubeba kwa miguu karibu miezi tisa mpaka baharini, kwenye njia ambayo vijiji vingine havikutaka kabisa maiti ipite. Na wapagazi wa Kinyamwezi walioijenga Bagamoyo kwa mabega yao, maelfu kwa maelfu, wanatajwa kwa sentensi moja kisha mnaambiwa twendeni Kaole. Inaniuma hii.

Kaole yenyewe nenda, ni kilomita kama 5 tu kusini, magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe, bodaboda anakusubiri.

Halafu sanaa. Kwenye hili Tanga lazima inyamaze. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, siku hizi ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kwa sababu yake Bagamoyo ina wachezaji ngoma, wachongaji, wachoraji, watu wa maigizo, wanafunzi wanakuja kusoma hawaondoki tena, wanapanga chumba wanafungua kibanda wanafundisha wageni kupiga ngoma. Jioni unaweza ukawa unarudi zako nyumbani na mkoba wa dagaa ukakuta vijana wanafanya mazoezi ya sindimba, unasimama, chakula kinachelewa na hakuna anayekulaumu. Kukiwa na tamasha lao la kila mwaka ndo usiseme, gesti zote zinajaa. Kwa hiyo kama wewe ni msanii futa kichwa cha habari hapo juu, wewe hamia Bagamoyo kesho.

Ila kwa sisi wengine kuishi pale kuna shida moja kubwa, nayo inaitwa Dar. Ni kilomita kama 70, na mji wote umegeuka kuitazama Dar. Kazi nzuri Dar, hospitali kubwa Dar, mwenye duka anafuata mzigo Kariakoo, na ukidamka alfajiri kuwahi daladala ya Makumbusho unajikuta Tegeta kwenye foleni na watu walewale uliowaona jana. Jumamosi magari ya Dar yanakuja, Jumapili jioni yanaondoka, na mji unapumua. Viwanja ndo usiseme, mkataba wa bandari mpya uliposainiwa 2013 madalali walimwagika, mradi ukaja kusimama, lakini bei hazikurudi zilikotoka na wenyeji wengi waliouza mapema kwa hela ndogo sa hivi hawana pa kulima. Majirani zangu wa Bagamoyo ni watu wema sana, nawakumbuka, lakini kila mwenye kijana alikuwa anangoja apate chumba Dar.

Sasa Tanga. Mgeni akija Tanga siku mbili anaweza akaondoka hajaona kitu na simlaumu. Nilimtembeza binamu yangu, tukaenda Mapango ya Amboni akafurahi, tukaenda makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani, tukakaa bustani ya Jamhuri tukakiangalia kisiwa cha Toten, nikamwonesha upande wa Raskazone walikoshuka askari wa Waingereza Novemba 1914 wakapigwa vibaya na jeshi dogo la Wajerumani, na nyuki nao wakaingia vitani wakawauma wote bila kuchagua. Jioni akaniuliza, sasa dada kesho tunaenda wapi? Kwa utalii wa kukimbiakimbia tumeishiwa. Tukaenda Machui kwenye kaburi la Shaaban Robert, mtu aliyezaliwa hukuhuku 1909 akafa 1962 na Kiswahili chote kinamdai shukrani, na nasema wazi mji wetu haujamtendea haki, kaburi lile lilitakiwa watoto wa shule wapelekwe kila mwaka kwa mabasi.

Lakini kaa Tanga mwezi, kaa miezi mitatu, ndo utanielewa. Mji umetulia na umejitosheleza. Dar ni kilomita 350 hivi, mbali kiasi kwamba hakuna anayeishi kwa kuitegemea. Tuna bandari yetu, kuna viwanda vya saruji, Bombo ndo hospitali ya mkoa, vyuo vipo, na kwenda Mombasa kupitia Horohoro ni safari ya kawaida, watu wana mashangazi pande zote mbili za mpaka. Maji yanatoka! Yanatoka bwawa la Mabayani, na 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53 ili kupanua mtandao wake, mi hiyo najivunia kuliko boma lolote maana niliwahi kuishi kwa madumu.

Na baiskeli. Mji ni tambarare, Ngamiani imepangwa mitaa iliyonyooka yenye namba, mtu akikwambia nakaa barabara ya 9 umeshafika, kwa hiyo kila mtu anapanda baiskeli, mzee na kanzu yake, mama na baibui yake na kikapu mbele anatoka soko la Mgandini, binti anaenda chuo, na hakuna anayeshangaa. Hili dogo limenibadilishia maisha, naenda kazini bila nauli, njiani nimewaamkia watu kumi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mama yako hajambo? Mtu akipita bila kusalimia anaulizwa kama kuna msiba.

Chakula nisipoanza mapema sitamaliza. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, machungwa ya Muheza yakiwa msimu yanauzwa kwa rundo kama hayana thamani, maziwa fresh, samaki unamfuata mwenyewe Deep Sea boti zikiingia. Huohuo upande wetu wa bahari ndo wavuvi walianza kunasa silikanti kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, samaki ambaye wanasayansi walidhani alishatoweka mamilioni ya miaka mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini 1938, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Bagamoyo kamba na pweza wao wazuri, wa kukaangwa palepale sokoni ufukweni, nakubali. Ila mapishi ya nazi, hapana, hawatufikii.

Na usiku kuna taarab, ambayo huku ina mizizi, vikundi vya zamani vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vya hapahapa. Na mpira, Coastal Union ikicheza Mkwakwani mji mzima unajua, wagosi, ndo tunavyowaita watu wake, wanajadili mpaka Jumatatu, na wale wa African Sports nao wana lao.

Shida zipo na sizifichi. Joto la Februari linachosha. Ajira hazitoshi, mkonge uliojenga mkoa huu, nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulianguka kamba za plastiki zilipoingia na Tanga haijasimama sawasawa tangu hapo. Bomba la mafuta la kutoka Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani hapa Tanga, limeleta vibarua na limeleta wenye nyumba wanaodai kodi ya mwaka mzima, vyote kwa pamoja.

Kitu kinachoniogopesha mijini kote kuwili ni zile nyumba za zamani. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mikoko, mwenye nyumba akitaka kuitengeneza haraka anapiga plasta ya saruji, unyevu unashindwa kutoka, chumvi inakula ukuta kwa ndani na masika moja kali inaubeba. Bagamoyo angalau wageni wanakuja kuziona kwa hiyo kuna kelele. Tanga zinaanguka kimya na kiwanja kinauzwa. Halmashauri zetu fundisheni mafundi chokaa, wazee wanaoijua bado wapo!

Na lifanyike kabla barabara ya pwani haijaisha, hii ya Bagamoyo, Saadani, Pangani mpaka Tanga inayojengwa vipande vipande, maana ikikamilika wageni watakuja mpaka kwetu. Njia yenyewe ni historia tupu, Bushiri alipigana na Wajerumani Bagamoyo wakaja kumnyonga Pangani Desemba 1889, na katikati hapo Saadani ndo kwa Bwana Heri aliyewasumbua kweli. Ukiwa na nafasi pita huko, lala Bagamoyo usiku miwili, lala Pangani mmoja, ndo uje kwetu. Ila mwezi wa 4 na wa 5 usijaribu na gari ya chini, panda basi la kupitia Chalinze na Segera ushukie stendi ya Kange.