Nilivyookoa milioni mbili na nusu kwenye proforma ya sola

Kiwanda chetu kidogo cha kubangua korosho kipo Masasi. Tuko kinamama kumi na wanne, na mimi ndiye ninayeshika vitabu. Umeme ukikatika mashine ya kufungasha ikiwa kazini, mfuko unabaki umenyonywa hewa nusu, mdomo haujashika, na korosho nyeupe mliyoihangaikia tangu alfajiri inaanza kuvuta unyevu. Msimu wa 2022 kuna mifuko tuliyofungasha mara tatu. Dizeli ya jenereta ikamaliza faida iliyobaki. Tukaamua kufunga sola.

Nilianza kwa kutafuta ruzuku, maana kila niliyemuuliza aliniambia serikali inatoa. Inatoa kweli, lakini ruzuku ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, inalenga wanaopeleka umeme kwa wananchi wa vijijini, si mwenye kiwanda anayefunga paneli juu ya bati lake. Nikageukia TIC, Kituo cha Uwekezaji Tanzania. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilishusha mtaji unaotakiwa kwa Mtanzania hadi dola 50,000 ili apate cheti cha vivutio, yaani nafuu za kodi kwa wawekezaji. Mradi wetu haukufika hata robo ya hapo.

Basi nikabaki na proforma, karatasi ya bei kabla ya kununua, iliyotumwa kwa WhatsApp na muuzaji wa Dar es Salaam. Ilikuwa na mstari mmoja tu: mfumo wa sola kilowati 5, kamili, shilingi 17,000,000. Chini yake VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, yaani 3,060,000.

Nikampelekea mhasibu wa Mtwara mjini anayetusaidia kufunga hesabu za mwaka. Aliitazama, akaniuliza, "Dada, humo ndani kuna nini na nini?" Sikuwa na jibu. Akafungua jedwali la misamaha kwenye Sheria ya VAT ya 2014, akaniwekea kidole pale vifaa vya sola vilipotajwa kwa majina: paneli, chaji kontrola inayodhibiti kuchaji kwa betri, inveta ya sola inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia mashine, betri ya sola, taa za sola. Nyaya hazimo. Vyuma vya kufungia paneli havimo, wala kazi ya fundi. Ukiandikiwa "mfumo kamili", vyenye msamaha na visivyo nao vinatiwa kapu moja na kutozwa vyote.

Nikampigia muuzaji. "Dada yangu, mfumo ni mmoja, tuukate vipande vya nini?" Nikamwambia siombi punguzo, nataka kila kifaa kikae kwenye mstari wake, inveta iandikwe "ya sola" na betri vilevile. Alinizungusha wiki nzima. Mwishowe akanieleza kinachomuuma: akiuza bidhaa yenye msamaha, VAT aliyolipa kwenye gharama za kuiuza hawezi kuidai irudi. Hoja yake ina uzito, na nadhani wengi wanaopewa bei ya jumla hawajui kwamba chanzo ni hicho. Akataka kupandisha bei ya paneli. Nikakataa, tukavutana siku mbili, akaacha.

Proforma mpya ilikuja na mistari tisa. Vifaa vyenye msamaha vilikuwa vya milioni 14, vilivyobaki milioni 3, na VAT ikashuka hadi 540,000. Tofauti ni 2,520,000, na kwa kikundi kama chetu hiyo ni betri ya pili.

Kazi haikuishia hapo. Siku ya kulipa nilisafiri mwenyewe hadi Dar, nikaisoma risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, palepale kaunta. Betri ilikuwa imetozwa VAT, ingawa kwenye proforma ilikuwa safi. Kijana wa kaunta akasema tutarekebisha baadaye. Nikavuta kiti nikakaa. Baada ya kama saa moja nikapewa risiti iliyo sawa, ndipo nikaruhusu mzigo upakiwe.

Mwezi wa kumi na moja umeme ulikatika saa nne asubuhi, mashine ikiwa na mfuko mdomoni. Ikaendelea. Mwenzangu aliyekuwa akipima kwenye mizani hakujua kama umeme umekwenda mpaka aliposikia jenereta ya jirani.

Ile risiti niliitoa kopi mbili wiki ileile, kwa sababu karatasi ya EFD hufutika maandishi. Moja iko kwa mhasibu, nyingine iko kwenye faili langu pamoja na proforma zote mbili, ya mstari mmoja na ya mistari tisa.