Nilivyotuliza Maumivu ya Kiuno Nikiendelea na Kazi ya Kukaa

Ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha mjini Tanga, na kazi yenyewe ni ya kukaa kitako tangu asubuhi hadi jioni: kuingiza nyaraka za mizigo kwenye kompyuta, kulinganisha ankara na hati za shehena, kukokotoa ushuru, na kujibu simu za wateja. Meli inapotia nanga, saa za kukaa huongezeka, kwa kuwa mzigo unaobaki bandarini baada ya muda wake kwisha hutozwa gharama za kuuhifadhi, na hakuna mteja anayekubali gharama hizo zipande kwa ajili ya karatasi iliyochelewa. Katika hali hiyo kiuno changu kilianza kuuma, kwanza kwa uchovu wa jioni tu, kisha kwa maumivu ya kudumu upande wa kulia juu ya kalio, hadi kuinama nivae viatu kukawa kazi nzito. Naandika jinsi nilivyoyatuliza bila kuacha kazi, kwa sababu watu wanaoishi kwa kukaa wamekuwa wengi mno, na wengi wao nawaona wakishika viuno kila wanapoinuka.

Daktari aliyenipima kwanza alinipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, dada mmoja mtulivu ambaye hakugusa mgongo wangu mpaka amalize maswali yake. Aliuliza kama nimepungua uzito, kama ninapata homa au jasho la usiku, kama nina kikohozi cha muda mrefu, kama mkojo au choo kinanitoka bila kujijua, na kama ninahisi ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja. Akanieleza, kwa upole lakini bila kuficha kitu, kwamba mtu mwenye ganzi ya namna hiyo au aliyepoteza uwezo wa kuzuia mkojo hapaswi kusubiri hata kesho, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo huenda imebanwa, na kuchelewa kunaweza kumwacha na ulemavu. Swali la kikohozi nalo lina uzito wake kwetu, maana kifua kikuu hakishambulii mapafu peke yake, bali huweza kuingia katika pingili za uti wa mgongo na kuzila taratibu. Kisha akanilaza chali, akainua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akanitaka nisukume mkono wake kwa kidole gumba cha mguu, akagonga goti kwa kinyundo cha mpira. Hakupata dalili yoyote ya hatari.

“Kaka yangu,” akasema, “mgongo wako haujavunjika wala haujaoza. Umechoka kukaa mkao mmoja.”

Maneno hayo yalinisaidia kuliko nilivyotazamia, kwa kuwa hofu nayo hukaza misuli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba katika wagonjwa 10 takriban 9 hawana ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Nilipomuuliza yule dada kuhusu kupigwa picha ya mgongo hospitalini, alinifahamisha kwamba picha mara nyingi huonyesha uchakavu hata kwa watu wasioumwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta diski (vijitakia vya kati ya pingili) zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na kwa asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Kwa mtu asiye na dalili za hatari, basi, picha huweza kuongeza wasiwasi bila kubadilisha tiba.

Alinieleza pia kinachotokea tunapokaa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kijitakia cha gegedu ambacho kwa mtu mzima karibu hakina mishipa ya damu, na kwa hiyo hupata lishe yake kwa kunywea majimaji ya jirani kadiri kinavyobanwa na kuachiwa, mithili ya sifongo. Mtu anapotembea, kubanwa na kuachiwa huko huendelea kwa zamu. Anapokaa saa 3 bila kujongea, husimama. Wakati huohuo misuli ya makalio hulala, ile ya mbele ya nyonga hubaki imefupika, na misuli midogo ya mgongo hushikilia kiwiliwili bila kupumzika.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolipanga lilikuwa kukata vipindi vya kukaa, na ndilo ninaloliona kuwa na manufaa kuliko yote. Sikutegemea kukumbuka, kwani mtu aliyezama kwenye hesabu za ushuru hakumbuki chochote, bali kila kuinuka nilikuunganisha na kazi ambayo lazima ifanyike. Simu zote nazipokea nikiwa nimesimama. Nyaraka zinazohitaji muhuri nazipeleka mwenyewe kwenye dawati la mwisho, moja moja, badala ya kuzirundika hadi jioni. Maji nayanywa kwa glasi ndogo, na chupa naiweka dirishani, mbali na mkono. Ilibaki chai. Mama anayetuandalia chai ofisini ana desturi ya kumfikia kila mtu mezani pake, na nilipomwomba asiniletee tena, nitaifuata mwenyewe jikoni, aliingiwa na huzuni, akaniuliza, “Mwanangu, nimekukosea nini?” Nilimweleza habari ya kiuno tangu mwanzo, naye tangu siku hiyo ndiye mlinzi wangu mkubwa: saa 4 asubuhi ikipita sijatokea jikoni, huniita kwa sauti mpaka niinuke.

Meza nayo niliirekebisha kwa vitu vilivyokuwapo. Kompyuta mpakato niliinyanyua juu ya majalada ya zamani hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, nikaunganisha kibodi ya pembeni ili mikono isipande. Miguu yangu ilikuwa ikining’inia kidogo, kwa hiyo nikaiwekea rimu za karatasi chini. Nyuma ya kiuno naweka kanga iliyokunjwa na kuviringishwa, mahali pale mgongo unapoingia ndani. Hayo yote yanafaa, ila sitaki mtu aelewe kwamba kiti kizuri kinatosha: mkao bora ukidumishwa asubuhi nzima nao huuma.

Mazoezi niliyofundishwa ni machache, na mojawapo nitalieleza kwa urefu kwa sababu nililiona jepesi kwa macho na gumu kwa mwili. Unapiga magoti na kuweka viganja sakafuni, mgongo ukiwa bapa, kisha unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, unashikilia sekunde 8 hadi 10, unarudi, unabadilisha upande. Yule dada aliniwekea mpini wa ufagio juu ya uti wa mgongo, ukigusa kisogo, katikati ya mabega na kwenye mfupa wa chini ya kiuno, akasema mpini ukiyumba au ukianguka ujue nyonga zimepinda na misuli ya ndani haijashika. Wiki za mwanzo mpini wangu haukutulia. Zoezi hilo ni mojawapo ya matatu yaliyoenezwa na Stuart McGill, profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, na lengo lake ni stamina ya misuli inayoushika mgongo, si kutunisha mwili. Nalifanya baada ya swala ya alfajiri, mkeka ukiwa bado umetandikwa.

Kutembea kukafuata. Kutoka ofisini hadi nyumbani Chumbageni nilikuwa nikipanda bodaboda. Sasa natembea, na siku ambazo jua limepoa nazunguka kwanza kupitia Bustani ya Jamhuri ili nipate nusu saa kamili. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo hivi karibuni, ulionyesha kwamba waliofundishwa na kupangiwa kutembea walikaa siku 208, kwa kipimo cha kati, kabla ya maumivu kurudi, ilhali wasiopangiwa walikaa 112. Lengo lao lilikuwa dakika 30, mara 5 kwa wiki. Kwa mtu wa kipato changu, tiba inayodai viatu tu ni neema.

Nyumbani nilibadilisha mambo madogo. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na zaidi, nao wote huvuta upande mmoja. Sasa nabeba mawili ya lita 10, kila mkono dumu moja. Ufagio wa uani tuliufunga kwenye mti mrefu ili asiwepo wa kuinama. Nalala ubavu, mto kati ya magoti, na asubuhi nageuka ubavu kwanza, nashusha miguu, ndipo nainuka kwa kujisukuma na mkono.

Dawa za maumivu nilimeza siku chache tu nilizoandikiwa, kwa kuwa diklofenaki na jamaa zake zikizoeleka huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, nami nasikitika kuona zinavyonunuliwa dukani bila swali. Mkanda wa kiuno sikununua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauupendekezi kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini.

Maumivu hayajaisha kabisa. Hurudi hasa nikisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam, na yakirudi silali kutwa, kwani tangu mwaka 1995 utafiti uliofanywa kwa watumishi wa jiji la Helsinki ulionyesha kuwa walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona upesi kuliko waliolala kitandani. Naweka taulo la maji ya moto, nalala chali kidogo miguu ikiwa juu ya kiti, kisha natoka kutembea polepole hata kama ni uani tu. Ndani ya basi nakata tiketi ya kiti cha kando ya njia ili niweze kusimama bila kumsumbua jirani, na tukifika Segera nashuka, natembea hadi dereva apige honi.