Kito nami kwenye njia ya vibao

Tangu tuanze rali ya utii, hata nikiwa peke yangu jikoni najikuta nageuka kulia taratibu, mkono wa kushoto umetulia pajani, kana kwamba mbwa wangu Kito yuko ubavuni. Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Mbwa hutembea kushoto kwako, mnafuata njia yenye vibao vya namba, na kila kibao kina agizo lake: simama mbwa akae, geuka duara zima, ongeza mwendo, punguza, mlaze kisha umzunguke. Jaji akishatoa ruhusa ya kuanza, hasemi tena cha kufanya. Anatazama na kuandika, ninyi wawili mnasoma njia wenyewe.

Kilichonivuta ni ruhusa ya kuzungumza. Katika mashindano ya utii wa kawaida unatoa agizo, basi, unanyamaza. Kito hapendi ukimya. Nikinyamaza muda mrefu pua inashuka chini na roho yake inahamia kwenye nyasi. Kwenye rali naweza kumsifu njia nzima, nikarudia agizo, nikapiga makofi au kujigonga paja ili asogee. Kumgusa ndiyo hairuhusiwi kwa kanuni za AKC, chama cha mbwa cha Marekani kilichoufanya mchezo huu kuwa na vyeo rasmi mwaka 2005. Aliyeubuni ni Charles Kramer, aliyejulikana zaidi kama Bud, na kila nikimsemesha Kito kati ya kibao na kibao namshukuru mzee huyo kimoyomoyo. Aliwafikiria mbwa wa aina ya Kito.

Ila bado hatujagusa njia kamili. Tuko kwenye kukaa.

Naam, kukaa tu. Kito anajua kukaa tangu utotoni, lakini alijua kukaa akiwa mbele yangu, ananitazama usoni. Hapa natakiwa nisimame naye akae ubavuni, amenyooka, bega lake likiwa usawa wa nyonga yangu. Kwake ni somo jipya kabisa, na nadhani ni haki kumfundisha kama jipya badala ya kumkaripia kwamba amesahau. Kipande cha nyama nakishika mkono wa kushoto, kwenye mshono wa suruali. Kikitokea mkono wa kulia, anakifuata: kichwa kinavuka mbele ya magoti yangu, makalio yanatoka nje, na hapo hapo anakaa mshazari. Kikitokea kushoto, mwili wote unanyooka. Nimelitazama jambo hilo likijirudia mpaka nimeamini kwamba nusu ya unyoofu wa mbwa iko kwenye mkono wa anayemwongoza.

Nusu nyingine iko miguuni. Leo tumezunguka koni. Tukizunguka kulia, Kito yuko nje ya duara, njia yake ni ndefu kuliko yangu, kwa hiyo lazima aharakishe na sauti yangu ichangamke. Tukizunguka kushoto yeye yuko ndani, anapaswa kupunguza na kurudisha makalio, nami nikikaza mwendo namkanyaga. Sauti ya chini, hatua fupi, kamba ilegee. Kamba ikikaza unakatwa pointi, lakini mimi naijali kwa sababu nyingine: kamba ikilegea ndipo najua kwamba anakuja kwa hiari yake.

Ngazi ya kwanza ya AKC ina vibao 10 hadi 15, na mbwa hubaki kwenye kamba. Mnaanza na pointi 100, na mkibakiwa na 70 mmefuzu. Muda hupimwa, ila kazi yake ni kuamua tu pale mlipofungana pointi. Hilo linanifurahisha mno, maana Kito si mbwa wa haraka, naye hatadaiwa awe. Pia kabla ya zamu, washindani huruhusiwa kuitembea njia bila mbwa. Nimeanza kujizoeza hivyo nyumbani: naandika maagizo kwenye karatasi, nazitandaza sakafuni, natembea peke yangu nikisema kwa sauti maneno nitakayomwambia, ndipo namwita. Akija, macho yangu hayahangaiki na karatasi. Yako kwake, na yeye anaona.

Kinachofuata ni suala la nyama. Kwenye uwanja wa AKC haziingii zawadi za kula, ingawa vipo vyama vingine vinavyoziruhusu kwa masharti. Kwa hiyo wiki hii nitaanza kumlipa baada ya vibao viwili badala ya kimoja, katikati nimjaze sifa, kisha nione masikio yake yanasemaje. Yakibaki juu, tutasogea hadi vitatu. Yakilala, tutarudi kwenye kimoja, na hatuna haraka.